MSAADA WA MASOMO YA UTAWALA: NANI HUUPATA, NA KWA SHARTI GANI

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Agosti, watu wengi waliokwisha kupata shahada yao ya kwanza huanza kuulizana habari za misaada ya masomo ya ng'ambo. Wengine husikia habari hizo ofisini, wengine kanisani au msikitini baada ya sala, na wengine huzipokea katika simu zao zikiwa zimepita mikono mingi hata haijulikani ni nani aliyezitoa kwanza. Kwa sababu hiyo wako wanaokosa msaada ambao wangeweza kuupata. Hawaukosi kwa upungufu wa akili, bali kwa kuwa hawakufahamu msaada wenyewe umewekwa kwa ajili ya mtu wa namna gani.

Habari hizi zinahusu misaada ya kusomea shahada ya pili, yaani shahada ya uzamili, katika elimu ya utawala wa umma. Elimu hiyo humfundisha mtu jinsi shughuli za serikali zinavyoendeshwa: jinsi fedha za umma zinavyokadiriwa, kugawanywa na kukaguliwa, jinsi watumishi wanavyoandikwa kazi na kusimamiwa, na jinsi sheria iliyopitishwa na Bunge inavyogeuzwa kuwa kazi inayoonekana kijijini.

Huenda mtu akadhani kwamba elimu ya namna hiyo ni ya kukalia kiti na kutia sahihi tu. Basi na afikiri juu ya zahanati moja ya mashambani. Fedha za dawa zimekwisha kukubaliwa katika makadirio ya mwaka, lakini kabatini hamna hata kidonge kimoja. Fedha hazikuibiwa. Zimekwama, pengine kwa sababu hati ya kuagizia dawa ilichelewa kutiwa sahihi, au fungu lililoandikwa katika hati si lile lililokubaliwa katika makadirio, au fedha zilichelewa kutoka Hazina. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni na kutembea asubuhi nzima hana habari ya mambo hayo. Ajualo ni kwamba anarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu ajuaye utawala ndiye awezaye kuonyesha mahali hasa palipokwama, na kusema la kufanya ili pasikwame tena mwaka ujao.

MASOMO HAYA YALITOKA WAPI

Zamani masomo haya hayakuwa ya wenyeji. Tangu mwaka 1946 maofisa vijana wa Kiingereza waliokuwa wakipelekwa kutawala makoloni walifundishwa kwanza katika vyuo vya Oxford, Cambridge na London, na Mwafrika wa Kenya kwa muda mrefu aliishia kuwa karani, mkalimani au chifu. Uhuru ulipokaribia ilionekana wazi kwamba viti vya maofisa hao vingebaki bila watu wa kuvikalia. Ndipo mwaka 1961 Chuo cha Utawala cha Kenya kilipofunguliwa huko Lower Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mahali palipokuwa na shule ya Jeanes iliyoanzishwa mwaka 1925. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipata uhuru. Tangu mwaka 2012 chuo hicho huitwa Chuo cha Serikali cha Kenya, na maofisa wa ngazi nyingi hupelekwa huko kwa mafunzo mafupi na marefu.

Haja ya watu wa namna hiyo iliongezeka sana kwa Katiba ya mwaka 2010. Katiba hiyo iligawanya nchi katika kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 kila kaunti ilianza kuwa na gavana wake, baraza lake, na makadirio yake ya fedha. Kazi iliyokuwa ikifanywa Nairobi na watu wachache wazoefu iligawanywa ghafula katika ofisi nyingi, na nyingine kati ya ofisi hizo hazikuwa hata na makabati ya kuwekea majalada. Si ajabu basi kwamba vijana wa kaunti ni miongoni mwa watafutao masomo haya kwa bidii.

MSAADA WA CHEVENING

Msaada unaojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki ni ule wa serikali ya Uingereza uitwao Chevening. Ulianzishwa mwaka 1983, na jina lake limetokana na nyumba kubwa iliyoko katika jimbo la Kent. Msaada huu hulipa ada ya chuo kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, na posho ya kila mwezi ya chakula na malazi. Haulipi gharama za mke, mume wala watoto. Jambo hili yafaa lifikiriwe mapema na mwenye nyumba, maana mwaka mmoja ni mrefu kwa wale wanaobaki.

Mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza iliyo nzuri kiasi cha kumwezesha kupokewa katika chuo kikuu cha Uingereza. Tena awe amefanya kazi kwa muda wa saa zisizopungua 2,800. Hesabu hiyo imewatisha wengi bila sababu. Mtu afanyaye kazi saa 40 kwa juma moja hutimiza saa 2,800 katika majuma 70. Zaidi ya hayo, si lazima kazi iwe moja, wala si lazima iwe ya mshahara tu. Kazi ya kujitolea huhesabiwa pia, na hata miezi ya kujifunza kazi katika ofisi. Kijana aliyefundisha shule kwa mwaka mmoja, kisha akajitolea katika chama cha watu wenye ulemavu, kisha akaandikwa katika ofisi ya kaunti, ajumlishe saa zake zote kabla ya kusema kwamba hafai.

Mwombaji huchagua kozi tatu katika vyuo vya Uingereza na kuziandika katika fomu yake. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kuandika jina la kozi katika fomu ya Chevening si kuomba nafasi chuoni. Ni maombi mawili mbalimbali, na mwombaji hana budi kuandikia vyuo vyenyewe kwa mkono wake. Ikiwa Chevening imemkubali lakini hana barua ya chuo inayompa nafasi bila masharti, kabla ya tarehe iliyowekwa, safari yake huishia hapo. Kuomba Chevening hakulipiwi kitu, lakini vyuo vichache, kama vile Oxford na Cambridge, hutoza ada ya maombi. Mtu asiye na fedha za kupoteza na achague vyuo vyake kwa kuliangalia jambo hilo.

Yafaa pia kuangalia saa. Maombi yakifungwa adhuhuri kwa saa za London, hapa kwetu ni saa nane ya mchana wakati wa kiangazi chao, na ni saa tisa wakati wa baridi yao. Wako waliongoja mpaka jioni ya siku ya mwisho wakidhani siku bado ni yao.

INSHA

Fomu ikisha kujazwa, hubaki insha, na kwa kweli insha ndizo zinazowatenga waombaji. Mwombaji huulizwa juu ya uongozi wake, jinsi anavyoshirikiana na watu, sababu ya kuchagua masomo yale, na kazi anayokusudia kuifanya akirudi.

Mwombaji mmoja ataandika kwamba yeye ni kiongozi tangu utoto, kwamba awapenda watu wote, na kwamba akipewa elimu ataibadilisha nchi yake. Msomaji wa insha amekwisha kuyasoma maneno hayo mara nyingi siku ile ile, naye huyapita kama mtu apitavyo miti kando ya barabara.

Mwombaji mwingine ataandika kwamba alipokuwa karani katika ofisi ya wadi, aliona orodha ya wazee wanaostahili posho ya kila mwezi ilikuwa na majina ya watu waliokwisha kufa, na haikuwa na majina ya wengine walio hai na wenye shida. Alifuatana na mzee wa mtaa nyumba kwa nyumba kwa muda wa majuma matatu, akaandika orodha mpya, akaipeleka kwa mkuu wake. Mkuu akaikataa, akisema kwamba karani hana mamlaka ya kubadili orodha. Karani akauliza ni nani mwenye mamlaka hayo, akaambiwa, akampelekea barua pamoja na orodha yake. Majina mengine yalirekebishwa. Mengine hayakurekebishwa mpaka alipoondoka pale. Kwa hiyo ataka kujifunza jinsi daftari za msaada wa wazee zinavyopangwa na kukaguliwa katika nchi nyingine.

Insha hii ya pili haina fahari, wala haikumalizika kwa ushindi. Lakini msomaji wake amekwisha kumwona mtu akifanya kazi ya utawala, na ameona pia sababu ya mtu huyo kutaka kusoma. Ni mfano tu, lakini karibu kila mtumishi wa ofisi ya umma anayo habari yake ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba wengi huiona kuwa ndogo mno, wakaiacha nyumbani, na badala yake wakaazima maneno makubwa ya watu wengine. Siku hizi yamezidi kuazimwa, maana mashine za kompyuta zaweza kumwandikia mtu insha nzima kwa dakika moja. Insha hiyo huwa laini bila kosa, na hufanana na ya jirani yake. Basi mwombaji akiitwa kwenye mahojiano na kuulizwa juu ya jambo aliloandikiwa na mashine, huwa hana la kujibu.

Pamoja na insha hutakiwa barua za watu wanaomjua mwombaji, darasani au kazini. Mwalimu au mkuu wa kazi aombwe mapema, apewe na insha zenyewe azisome, ili barua yake isipingane nazo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

MSAADA WA JUMUIYA YA MADOLA

Msaada mwingine ni ule wa Jumuiya ya Madola. Ulizungumzwa kwanza katika mkutano uliofanywa Montreal, nchini Canada, mwaka 1958, na ukakubaliwa mwaka uliofuata katika mkutano wa elimu huko Oxford. Tangu hapo umesomesha watu kutoka pande zote za Jumuiya hiyo, na raia wa Kenya, Uganda na Tanzania huruhusiwa kuuomba.

Tofauti yake na Chevening ni kwamba Chevening humtafuta mtu atakayekuwa kiongozi, hali huu wa Jumuiya ya Madola huuliza zaidi faida gani itapatikana katika nchi ya mwombaji, na hutaka mwombaji awe mtu asiyeweza kujilipia masomo hayo mwenyewe. Njia zake ni zaidi ya moja. Njia ya kwanza hupitia kwa ofisi iliyochaguliwa katika kila nchi kupendekeza majina. Mwombaji anayejaza fomu ya London na kuisahau ofisi ya nchini mwake amefanya nusu ya kazi. Njia ya pili ni misaada inayogharimiwa kwa ushirikiano na vyuo vyenyewe, na hapo chuo ndicho huchagua majina. Mzazi anayelea watoto peke yake na auangalie msaada huu kwanza, maana huwa na posho ya mtoto kwa mzazi wa namna hiyo.

Iko njia ya tatu, ambayo haisemwi sana, nayo ni kusoma kwa njia ya kompyuta hali mtu yuko kwake na kazini kwake. Ada hulipwa, na shahada ni ile ile. Hakuna ndege wala theluji katika njia hii, na labda ndiyo sababu vijana huidharau. Lakini kwa ofisa mwenye wazazi wazee, au ambaye nafasi yake ofisini itachukuliwa na mwingine akiondoka, huenda ikawa bora kuliko zote.

UJERUMANI NA JAPANI

Shirika la Kijerumani liitwalo DAAD, ambalo lina ofisi mjini Nairobi, lina msaada uliopewa jina la Helmut Schmidt, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi tangu mwaka 1974 hata 1982. Msaada huo ni wa masomo ya siasa za umma na utawala bora hasa, katika vyuo kama kile cha Willy Brandt mjini Erfurt na kile cha Hertie mjini Berlin. Kozi nyingi ni za Kiingereza, lakini mwanafunzi hufundishwa pia Kijerumani kabla ya masomo kuanza, jambo ambalo mtu atalishukuru siku ya kwanza atakapokwenda sokoni. Maombi yake hupelekwa kwa vyuo, na kwa kawaida hufungwa mwisho wa mwezi wa Julai, yaani kabla hata ya Chevening kufunguliwa.

Japani nayo, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, imegharimia msaada wa uzamili tangu mwaka 1987. Huo si wa kijana aliyetoka chuoni jana. Hutaka mtu aliyefanya kazi ya maendeleo kwa muda usiopungua miaka mitatu baada ya shahada yake, na aliyekwisha kukubaliwa katika mojawapo ya kozi zilizoandikwa katika orodha yao. Orodha hiyo hubadilika, kwa hiyo isomwe upya kila mwaka.

SHARTI LA KURUDI

Misaada hii inatolewa kwa tumaini kwamba aliyesomeshwa atarudi kutumikia kwao. Aliyepewa Chevening hutia sahihi kwamba atarudi nchini mwake na kukaa huko kwa muda usiopungua miaka miwili. Aliyepewa msaada wa Jumuiya ya Madola hurudi masomo yaishapo, na yule wa Benki ya Dunia vivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba sharti hili ni kamba ya kumfunga mtu. Ni kweli kwamba kijana arudiye na shahada ya uzamili aweza kukuta mshahara ni ule ule, meza ni ile ile, na mkuu wake anamtazama kwa wasiwasi kana kwamba amekuja kumnyang'anya kiti. Hayo yametokea, na haifai kuyaficha. Lakini fedha za msaada hutolewa kwa ajili ya zahanati ile isiyo na dawa kuliko kwa ajili ya mwanafunzi mwenyewe, na anayekusudia tangu mwanzo kuhamia ng'ambo huichukua nafasi ya mtu mwingine ambaye angerudi. Atafute njia nyingine, ziko.

Kwa mtumishi wa serikali liko sharti la pili, linalotoka kwa mwajiri wake. Mtumishi anayepewa likizo ya masomo hutia sahihi mkataba wa kuitumikia serikali kwa muda fulani baada ya kurudi, na akiuvunja aweza kudaiwa fedha. Likizo hiyo nayo haitoki kwa siku moja. Barua huanza kwa mkuu wa idara, ikapita kwenye kamati ya mafunzo, kisha ikarudi, na wakati mwingine hulala njiani. Mtumishi aliyengoja mpaka apate msaada ndipo aombe likizo, aweza kujikuta ana tikiti ya ndege mkononi na hana ruhusa ya kusafiri. Tena asiondoke bila ruhusa kwa kudhani kwamba mambo yatatengenezwa nyuma yake, maana atahesabiwa kuwa ameacha kazi.

WADANGANYIFU

Panapokuwa na nafasi chache na watu wengi, hapakosi mtu wa kuuza asichokuwa nacho. Wadanganyifu hujiita mawakala, hutuma barua zenye mihuri na nembo za balozi, na huahidi kwamba jina la mwombaji litapita akilipa "ada ya faili". Chevening, Jumuiya ya Madola na DAAD hazitozi fedha kwa kuomba misaada yao, wala hazina mawakala wa kuuza nafasi. Gharama za halali zipo, kama vile pasipoti, nakala za vyeti, na mtihani wa Kiingereza ikiwa chuo kimeutaka. Lakini hizo hulipwa katika ofisi zinazojulikana, na risiti hutolewa. Familia iliyouza ng'ombe kumlipa wakala haitaupata msaada, na ng'ombe hawatarudi.

MASOMO YA HAPA NYUMBANI

Si kila mwenye nia hana budi kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha utawala wa umma, na huko Tanzania kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe karibu na Morogoro, kilichoanza mwaka 1953 kikiwa shule ya kufundishia machifu na watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kwa Wakenya, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, imekuwa ikitoa mikopo kwa wasomao uzamili pia. Mkopo si zawadi, nao hulipwa pamoja na riba. Lakini mwanafunzi wa jioni abakiye katika kazi yake huyapima asubuhi katika jalada lililo mbele yake yale aliyofundishwa usiku, nafasi ambayo mwenzake aliyeko Erfurt au Manchester hana.

Aliyekataliwa mwaka mmoja huruhusiwa kuomba tena mwaka unaofuata, na wako waliopata kwa mara ya pili au ya tatu. Asiipeleke tena insha ile ile. Katika miezi kumi na miwili iliyopita amefanya kazi nyingine, ameona makosa mengine ofisini, na pengine amelirekebisha mojawapo. Hayo na ayaandike.